Mbwa aliyewalinda miaka sita, sasa mnahama: kumpa mtu mwingine ni haki au ni usaliti?

#1 – Mlinda Geti
Wadau, hoja moja leo. Naiweka kwa mfano ili tusibishane hewani. Familia ya Kimara ina ua mkubwa na mbwa dume wa miaka sita, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kawaida, kilo kama 25. Aliletwa akiwa na wiki nane, amekua na watoto, usiku analala mbele ya mlango wa jikoni. Sasa wanahamia ghorofa ya tatu Upanga na mwenye nyumba kasema wazi kwamba mnyama hataki. Mjomba wa Kibaha yuko tayari kumchukua.

Msimamo wangu: huo ni usaliti. Mbwa hakuomba kuletwa. Amelinda kila usiku, na siku nafasi inapokuwa finyu ndipo inagundulika kwamba yeye si wa familia. Shule ya watoto hutafutwa miezi sita kabla. Makazi ya mbwa hutafutwa usiku wa kuamkia kuhama. Aliyekuwa hajatafuta kwanza nyumba inayokubali mbwa asiniambie hakuwa na njia.

Nipingeni kwa hoja.

#2 – Kamba Fupi
Nakupinga, mkuu. Wewe usaliti umeuweka kwenye kumtoa, mimi nauweka kwenye namna ya kumtoa. Mbwa wa kilo 25 aliyezoea ua, ukimfungia kwenye kibaraza cha ghorofani huku watu wanatoka saa kumi na mbili asubuhi wanarudi saa mbili usiku, atabweka mpaka majirani wamwite mjumbe. Mwezi wa pili anatolewa vilevile, ila sasa kwa haraka na kwa hasira.

Kibaya ni kumpakia kwenye gunia nyuma ya bodaboda, kumfikisha usiku kwa watu asiowajua, kisha mnyororo shingoni "azoee". Hapo hujamtafutia makazi, umemtupa.

#3 – Nyota ya Mlandizi
Lakini gunia si ndilo linamzuia kushika njia? Paka akihamishwa hutiwa gunia asione, asije akarudi.

#4 – Dokta Malisho
#3, hapana. Gunia linaua. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Ana jasho kidogo kwenye nyayo, kazi kubwa ya kupoza mwili anaifanya kwa kuhema ulimi nje. Ndani ya gunia anavuta hewa yake mwenyewe ya moto, na akifungwa mdomo kwa kamba ndiyo basi. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likivuka 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Ukifungua ukakuta anahema kwa kishindo, udenda mzito unaning'inia kama uzi, ufizi umeiva wekundu: mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, mapajani na kwenye nyayo, mpepee, halafu kwa daktari mbio.

Safari ifanyike asubuhi mapema. Chakula asile kwa muda wa saa nne hadi sita kabla ya kuondoka, maji anywe. Alale sakafuni kwenye gari juu ya mkeka wake, na mtu anayemfahamu akae pembeni.

Kuhusu njia, tuwasubiri wenye ujuzi wa pua.

#5 – Pua na Dira
Nimeitwa. Kumziba macho hakusaidii kwa sababu macho si chombo chake kikuu. Mwaka 2020 watafiti wa Ucheki walichapisha kazi waliyoifanya na mbwa 27 wa kuwinda waliofungwa vifaa vya kufuatilia mahali walipo. Waliachiwa msituni wakimbilie harufu, kisha warudi kwa mwenyewe. Wengine walifuata nyayo zao zilezile. Wengine walikuja kwa njia mpya kabisa, na wengi wa hawa, kabla ya kurudi, walikimbia kwanza kama mita 20 kwenye mstari wa kaskazini na kusini, halafu ndipo wakashika uelekeo. Waliofanya hivyo walirudi kwa haraka zaidi. Watafiti wanahisi ni usumaku wa dunia.

Kwa hiyo kutoka Kibaha hadi Kimara, kwa mbwa mwenye nguvu, si mbali. Tatizo lake ni barabara ya Morogoro katikati.

#6 – Mfugaji wa Usa River
Hapo ndipo ninaposema siku zote: mbwa hana uaminifu kwa mtu, ana uaminifu kwa mahali. Ndiyo maana anarudi kwenye nyumba hata kama wenyewe wameshahama. Tunamvisha hisia zetu. Mpe ukuta, sahani na mipaka, baada ya mwezi kashasahau.

#7 – Pua na Dira
#6, nusu tu ya hilo ni kweli. Mwaka 2001 watafiti wa Budapest walichukua mbwa wazima waliokuwa kwenye vituo vya mbwa walioachwa. Mtu mgeni alikaa na kila mbwa mara tatu, dakika 10 kila mara: kutembea, kucheza, kumshika. Kisha wakawapima kwa jaribio la kumwacha mbwa kwenye chumba kigeni. Wengi wakaonyesha kwamba wameshamshika yule mtu: wanamfuata mlangoni, akirudi wanamkimbilia yeye kuliko mgeni mwingine. Mahali hapakuhusika. Dakika 30 na mtu zilitosha kuanzisha kifungo.

Sasa hii inamsaidia Kamba Fupi, kwa kuwa moyo wa mbwa mzima unaweza kufunguka tena. Lakini inamsaidia pia Mlinda Geti, kwa kuwa kinachokatwa siku ya kuhama ni kifungo na mtu, si desturi ya kulala penye mlango fulani.

#8 – Mlinda Geti
Asante #7. Na kama dakika 30 zinajenga kifungo, miaka sita imejenga nini?

#9 – Sufuria Kubwa
Mnazunguka. Mbwa anampenda anayempa chakula. Mwisho.

#10 – Bi Kisauni
#9, sawa, lakini umefungua mlango mkubwa bila kujua. Kwenye nyumba nyingi zenye geti, Dar, Mombasa au Nairobi, anayempa mbwa chakula ni nani? Si baba mwenye nyumba. Ni dada wa kazi, au kijana wa bustani, au mlinzi. Yeye ndiye anayesonga ule ugali wa mbwa saa kumi na moja jioni, anayemtoa kupe masikioni, anayemfungulia banda usiku. Wenye nyumba wanampiga picha.

Fanyeni jaribio hili kabla hamjaamua lolote. Mmoja akae kona moja ya ua, mwingine kona ya pili, wote kimya, hakuna anayeita. Mbwa aachiwe katikati. Halafu mtu wa tatu adondoshe sufuria kwa kishindo nyuma ya nyumba. Msiangalie mkia, mkia unatikiswa kwa kila mtu. Angalieni shingo. Katika ile nukta ya kwanza ya kushtuka, masikio yakiwa yamelala nyuma, mbwa mara nyingi hugeuza shingo kumtafuta mtu mmoja. Huyo ndiye mwenye mbwa.

Basi kabla ya mjomba wa Kibaha, swali la kwanza la haki ni hili: huyo aliyemlea mmemuuliza? Pengine anaenda kwao Handeni na angemchukua kwa furaha. Pengine alishaondoka mwaka jana, na mbwa alishafiwa mara moja bila mtu yeyote kujua.

#11 – Kamba Fupi
Bi Kisauni, nimesimama. Sikuwahi kuliona kwa upande huo. Mbwa "aliyebadilika tabia ghafla, hali, anachimba chini ya geti", ukiuliza kwa makini unakuta mlinzi wa zamani kaacha kazi wiki hiyohiyo.

#12 – Mwalimu wa Juja
Na ndiyo maana Hachiko wa Japani hakukubali kwenda popote. Bwana wake alipofariki alikaa stesheni miaka karibu kumi akimngoja. Hakuna aliyeweza kumchukua. Mbwa mwaminifu hahamishiki.

#13 – Pua na Dira
Mwalimu, miaka iko sawa ila funzo umeligeuza. Hachiko alizaliwa Novemba 1923, akaletwa kwa Profesa Ueno Januari 1924. Profesa alifariki Mei 1925. Kwa hiyo waliishi pamoja miezi kama 16 tu. Baada ya hapo alipelekwa kwa watu wengine zaidi ya mara moja, akawa anatoroka. Aliyetulia naye mwishoni alikuwa Kobayashi, ambaye alikuwa mtunza bustani wa profesa na alikaa karibu na Shibuya, penye ile stesheni. Akala kwake, akalala kwake, na kwenda stesheni akaendelea nako mpaka alipokufa Machi 1935.

Yaani amehamishika: kwa mtu aliyekuwa anamfahamu tayari. Na bado hakuacha kungoja.

#14 – Bi Kisauni
Mtunza bustani. Mmeona.

#15 – Mfugaji wa Usa River
Mimi bado nipo kwenye mahali. Hachiko alikuwa anarudi wapi? Stesheni. 😀

#16 – Dokta Malisho
Acheni nilete utaratibu, maana mwenye kuhama mwezi ujao hawezi kungoja mmalize.

Wiki nne kabla: kadi ya chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu ya umri, na hurudiwa kila mwaka kwa chanjo nyingi tulizo nazo. Kama hajawahi kuchanjwa, hesabu siku 21 baada ya sindano ya kwanza ndipo useme ana kinga. Dawa ya minyoo siku hiyohiyo, ipimwe kwa kilo zake halisi. Kupe: dawa ya kuogesha au ya kudondosha mgongoni, ili asiwapelekee mbwa wa huko homa ya kupe.

Kama atahasiwa, fanyeni sasa na si wiki ya kuhama. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14, na hakuna sababu ya kumpa mbwa kidonda na ugeni kwa pamoja. Baada ya kuhasiwa akae mbali na majike yenye joto kama mwezi mmoja, mbegu zilizobaki bado zinaweza kuzalisha.

Wiki tatu kabla: mwenye kumpokea aanze kuja. Mara nne au tano, kila mara amlishe yeye kwa mkono wake, kwenye sahani ya mbwa, mwenyewe akiwepo. Mara ya tatu amshike kamba watoke nje ya geti dakika 20. Wiki ya mwisho mbwa apelekwe Kibaha mchana, anuse ukuta mzima, akojoe anapotaka, arudi. Siku ya kuhama iwe safari ya pili au ya tatu kwake.

Blanketi lake lisifuliwe. Sahani, mkeka, kamba, vyote viende na uchafu wake.

#17 – Sufuria Kubwa
Akihasiwa si ataacha kulinda? Mjomba atapokea pambo.

#18 – Dokta Malisho
Hapana. Kulinda kunatokana na malezi, aina ya mbwa na kuijua mipaka yake. Kuhasi hupunguza kuzurura kufuata majike na kupigana na madume. Mbwa anayebaki ndani ya ukuta analinda kuliko aliye mtaa wa tatu usiku wa manane. Akinenepa, punguza unga.

#19 – Sufuria Kubwa
Shukrani. Kwenye unga hapo ni kwangu. Chakula kiandikwe kwa vipimo, "anakula kila kitu" si maelezo. Kwa mbwa wa kilo 25 asiyefanya kazi nzito, kwa siku: unga wa dona gramu 200, dagaa wakavu gramu 100, mafuta kijiko kimoja cha chakula. Hiyo ni karibu kilokalori 1,150, gawa mara mbili. Dagaa waoshwe maji mawili, mchanga utulie chini. Walio na chumvi wachemshwe, maji yamwagwe. Vitunguu visiwemo kabisa, vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa isiwemo, inapasuka kama vijiti vyenye ncha.

Mjomba akitaka kumbadilishia chakula, siku saba: siku mbili za kwanza robo ya kipya, mbili zinazofuata nusu, mbili robo tatu, ya saba chote. Ukibadili nyumba na chakula siku moja anaharisha, watu wanadhani amerogwa au amewekewa sumu.

#20 – Mama Nne wa Goba
Akikataa kula kabisa huko?

#21 – Dokta Malisho
Siku mbili bila chakula kwa mbwa mzima mwenye afya, tulia. Siku nzima bila maji, piga simu kwa daktari. Kuharisha laini bila damu kwa siku mbili tatu mara nyingi ni hofu. Kuharisha damu yenye harufu kali, na kutapika, si hofu. Hata mbwa mzima asiyechanjwa anaweza kupata parvo, na kirusi hicho hukaa kwenye udongo miezi mingi. Ndiyo maana muulizeni mjomba: kwenye ua huo kuna mbwa aliyewahi kufa kwa kuharisha damu?

#22 – Kamba Fupi
Upande wa ua, kabla mbwa hajafika, mjomba azunguke na futi. Ukuta au wavu wa mita 1.8 kwa mbwa huyu. Chini ya geti pasipite kichwa chake, kwa sababu kikipita kichwa mwili wote utapita. Matundu ya mtaro wa maji ya mvua yafungwe kwa nondo. Tanki, matofali na kuni zisiegemezwe ukutani, hizo ni ngazi.

Siku 14 za kwanza asiachiwe hata kama anaonekana ametulia. Kamba ya mita tano ndani ya ua, mtu akiwepo. Usiku kwenye banda. Avae mkanda wa shingoni na wa kifuani, kamba ishike yote miwili. Vidole viwili vipite chini ya mkanda wa shingo, zaidi ya hapo anarudi nyuma, anauvua kichwani na kutoweka. Wapo wanaotoroka baada ya wiki ya kwanza, siku mtu anaposema "huyu kashazoea" kisha radi ikapiga au baruti za mwaka mpya.

Watu husema siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku tatu za hofu, wiki tatu za kuijua ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Ni kipimo cha mkono tu, lakini kinasaidia kumzuia mtu kukata tamaa siku ya nne.

Na mjomba ajue: wiki za mwanzo hatalinda chochote. Hajui nani wa humo na nani mgeni. Hatari inakuja kuanzia kama wiki ya tatu, mipaka inapoanza kuwa yake wakati jamaa bado hajawajua wote. Hapo ndipo shemeji aliyeingia bila kubisha anang'atwa.

#23 – Wakili wa Mbuzi
Hapo kwenye kung'atwa ndipo maadili yenyewe yalipo, mengine ni hisia. Je, mbwa huyu amewahi kung'ata? Nani, wapi, alikuwa anakula, alikuwa amelala, alikuwa amefungwa? Kumficha mpokeaji habari hiyo ni kosa kubwa kuliko kumtoa. Andikeni karatasi: umri, chanjo, maradhi, anachokiogopa, watu aliowahi kuwang'ata, na sharti kwamba mjomba akishindwa mbwa anarudi kwa familia, hauzwi wala hapitishwi kwa mtu wa tatu. Mjumbe asaini kama shahidi.

Na msichukulie kuwa hakuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina Sura ya 360 ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kumwacha mbwa kwenye nyumba tupu mkahama si "kumwachia mazingira yake".

#24 – Nyota ya Mlandizi
Na aking'ata mtu huko, awekwe chini ya uangalizi siku 14, sivyo?

#25 – Dokta Malisho
Siku 10. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Lakini mtu asingoje hizo kumi. Jeraha lioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa kutazama saa, kisha hospitali, daktari ndiye aamue sindano. Na msimuue mbwa kwa hasira, mkimuua mmepoteza shahidi.

#26 – Mfugaji wa Usa River
Bei je? Mimi nasema auzwe, hata kwa bei ya chanjo. Kitu cha bure hakitunzwi. Anayetaka mbwa wa bure mara nyingi anamgeuza mali kesho yake.

#27 – Mlinda Geti
Kumuuza aliyewalinda wanao? Hapo mimi natoka kabisa.

#28 – Wakili wa Mbuzi
Mfugaji, sababu yako ni nzuri, chombo ni kibovu. Anayetaka kumgeuza mali atalipa tu, ni mtaji wake. Chujio ni zile ziara nne za Dokta. Mfanyabiashara haji mara nne kumlisha mbwa ugali.

#29 – Bi Kisauni
Kuna jambo la pwani nalo lisemwe kwa heshima. Kwetu wengi tunafuata madhehebu ya Shafi: mate ya mbwa ni najisi, chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na kumtesa hakuruhusiwi. Kwa hiyo familia ya hivi inaweza kuwa na huruma sana na mbwa, akala vizuri, akalindwa na jua, lakini hagusi mtu wala haingii ndani.

Mbwa aliyezaliwa kwenye utaratibu huo anaishi salama. Ila mbwa aliyezoea kukunwa kifua na watoto kila jioni, mkimpeleka huko, mmemnyima kitu ambacho hatakielewa. Si kosa la wapokeaji. Ni nyinyi mnaomjua mliotakiwa kuuliza: je, kwenu atashikwa?

#30 – Mtanga wa Bremen
Wengine wanahama nchi. Msiamue kumtoa kabla hamjajua kwamba anaweza kwenda. Kuja nchi za Umoja wa Ulaya kutoka Tanzania au Kenya: chipu kwanza, chanjo ya kichaa baada ya chipu (ikitangulia haihesabiki), siku 30 au zaidi damu inachukuliwa kupimwa kinga, inatakiwa ifike uniti 0.5 kwa mililita katika maabara iliyoidhinishwa, halafu miezi mitatu tangu siku ya kutoa damu. Chini ya miezi minne haiwezekani, kwa hiyo anza mitano au sita kabla. Uingereza utaratibu unafanana. Marekani ilibadili masharti tarehe 1 Agosti 2024: nchi zetu ziko kwenye orodha ya hatari kubwa, mbwa awe na miezi sita au zaidi, chipu, fomu za daktari, na bila kipimo cha damu anakaa karantini siku 28.

Kosa la kawaida ni mtu kupata viza, ndipo anaanza kuulizia.

#31 – Mama Nne wa Goba
Na mbwa mzee? Miaka 12, nyonga mbovu, macho yana ukungu, familia inahama vilevile.

#32 – Dokta Malisho
Hapo nabadilika. Mbwa wa miaka sita ana miezi mitatu ya kuzoea. Mzee asiyeona vizuri amehifadhi ramani ya ua kichwani, hatua tisa hadi maji, kona, mlango. Ukimhamisha bila watu wake, ramani imepotea na pua pekee haitoshi. Kwanza jaribuni kwenda naye. Ikishindikana kabisa, na ana maumivu yasiyotulia kwa dawa, basi daktari amlaze usingizi wa mwisho: sindano ya kumtuliza kwanza, alale kwenye mkeka wake, kisha dawa ya pili kwenye mshipa, watu wake wamemshika. Si sumu, si kumpa kijana wa mtaani elfu kumi "ammalize".

#33 – Mlinda Geti
Dokta, nakuheshimu, lakini hapa siwezi kukufuata. Umesema "maumivu yasiyotulia", nakubali. Wengine watasoma "mzee" tu, basi.

#34 – Kamba Fupi
Mimi naongeza kwa upande wa Dokta: mnyororo wa miaka mitatu uani kwa mtu baki ni mbaya kuliko huo mshipa. Shingo zenye kidonda cha duara zipo, tunaziona.

#35 – Mwalimu wa Juja
Kwa walio Nairobi, kabla ya yote hayo, KSPCA, shirika la Kenya la kuzuia ukatili kwa wanyama, wapo Karen, hupokea mbwa na kuwatafutia makazi. Pigeni simu mapema, nafasi hujaa. Na #13, nimekubali sahihisho.

#36 – Mama Nne wa Goba
Swali la mwisho. Watoto wanataka kwenda kumtembelea Kibaha. Ni sawa?

#37 – Mfugaji wa Usa River
Wasiende. Kila ziara inamrudisha siku ya kwanza.

#38 – Bi Kisauni
Waende. Asiyekuona tena hajui kama uko hai.

#39 – Kamba Fupi
Waende, lakini baada ya wiki ya sita. Wasiende na gari lile alilohama nalo. Mbwa anaujua mlio wa injini kabla ya kumwona mtu, atakimbilia mlango wa nyuma akidhani wamekuja kumchukua. Washukie barabarani waingie kwa miguu. Mjomba awe ndiye anayempa chakula siku hiyo. Wakitaka kuondoka, watoke mbwa akiwa anakula, kamba iko mkononi mwa mjomba, na geti lifungwe kwanza ndipo waage.

#40 – Mlinda Geti
Watoke anapokula... Yaani bila kumuaga tena?

#41 – Kamba Fupi
Wamuage kabla ya sahani, mkuu. Wampe muda wote wanaotaka. Sahani iwe ya mwisho.